Kiungo Akitundika Daluga, Anakwenda Wapi?

Kama uko Maua na mzigo wa mwisho wa miraa umeshapanda gari, kama uko Nkubu umerudi kutoka shambani, kama uko Runyenjes, Siakago au Kiritiri na sufuria iko jikoni, karibu sana. Huu ni muda wetu wa mazungumzo, na leo nataka tuzungumze mpira. Mabao nitayaacha kidogo, maana mabao yana wasemaji wengi. Nataka tumzungumzie mtu mmoja uwanjani ambaye jina lake hutajwa mara nyingi kuliko ya wenzake wote, na mechi ikiisha yeye ndiye wa kwanza kusahaulika. Namzungumzia kiungo. Swali langu ni moja tu, na nitalirudia mara kadhaa ili hata aliyechelewa kuwasha redio alipate: kiungo akitundika daluga, anakwenda wapi?

Wengi wetu mpira tuliujua kwanza kwa masikio. Mnamkumbuka marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyetutoka Februari 2025. Enzi zake na za watangazaji wenzake, familia nzima ilikusanyika kuzunguka redio moja, na hata mtoto aliyekuwa akichezea uani alijua timu imekaribia lango, kwa sababu sauti ya mtangazaji ilipanda. Mpira ukirudi katikati, sauti ikatulia, na wazee nao wakarudi kwenye maongezi yao. Unaona ilivyokuwa? Katikati ya uwanja ndipo watu walipopata nafasi ya kunywa chai. Na hapo ndipo kiungo alipokuwa akifanya kazi yake yote.

Siku nyingine ukienda uwanjani, iwe ni Kinoru au ni uwanja wa shule ya msingi kule kwenu, nakuomba ufanye jambo moja. Kwa dakika tano usiutazame mpira. Mtazame kiungo, tena mtazame shingo. Kabla mpira haujamfikia, kichwa kimegeuka kulia, kikageuka kushoto, kikageuka tena nyuma. Mkono mmoja uko chini, kidole kinamwonyesha beki wa kushoto pa kusimama. Mpira unafika, anaugusa mara moja, anaupeleka upande ambao hakuna aliyekuwa akiutazama. Wewe uliye pembeni unasema, ah, pasi rahisi ile. Ilikuwa rahisi kwa sababu alishaiamua kabla mpira haujafika mguuni.

Ninyi mlio kwenye miradi ya maji, kule Imenti na kule chini Mbeere, mnamjua yule mtu anayeshika funguo za vali. Yeye ndiye anayejua leo shamba la nani ni kavu, nani alipata jana, bomba gani lina presha ndogo, na akifungua upande huu upande ule utakosa. Hana shamba kubwa kuliko wengine, lakini akikosea yeye, kijiji kizima kinagombana. Kiungo ndiye huyo. Anagawa. Na ili agawe vizuri, lazima awe na picha ya uwanja wote kichwani, watu wote ishirini na wawili, walipo sasa na watakapokuwa baada ya sekunde tatu.

Sasa niambie, kazi hiyo na kazi ya kocha zinatofautianaje? Kocha naye hutazama uwanja wote. Kocha naye huamua nani apewe mpira na nani asubiri. Tofauti ni kwamba mmoja anakimbia na mwingine amesimama nje ya chaki.

Vijana wanaojazana kwenye vibanda vya kutazamia mpira Jumamosi jioni wanalijua jambo hili hata kama hawajalitamka. Hebu wataje makocha wanaobishaniwa pale. Mikel Arteta wa Arsenal alikuwa kiungo. Pep Guardiola alikuwa kiungo wa Barcelona. Carlo Ancelotti, kiungo. Zinedine Zidane, kiungo. Didier Deschamps alikuwa kiungo na nahodha wa Ufaransa walipotwaa Kombe la Dunia 1998, na miaka 20 baadaye, 2018, akalitwaa tena akiwa kocha. Lakini kuna kitu ambacho kule kibandani hakisemwi, nacho ndicho ninachokitaka leo. Guardiola alipotundika daluga hakupewa Barcelona. Alipewa kwanza timu ya pili ya Barcelona, mwaka 2007, akaanzia huko na vijana. Arteta aliacha kucheza 2016, akakaa msaidizi wa Guardiola pale Manchester City mpaka Desemba 2019 ndipo Arsenal ikamwita. Miaka mitatu na zaidi alibeba mafaili ya mwenzake, akapanga koni, akasikiliza. Likumbuke hilo, maana nitalirudia: wote wawili walianza na kiti kidogo.

Tuje kwetu Kenya. Yupo mtu anayeitwa Zedekiah Otieno. Wapenzi wa soka wanamwita Zico, jina la yule fundi wa Brazil. Aliivaa jezi ya Gor Mahia na ya timu ya taifa, Harambee Stars, akicheza katikati. Alipoacha kucheza akaingia kwenye ukocha, na njia yake ninaipenda kuisimulia kwa sababu haikunyooka hata kidogo.

Mwaka 2010 alikuwa msaidizi wa Jacob Mulee, yule tunayemwita Ghost, katika timu ya taifa. Kampeni ya kufuzu Kombe la Afrika la 2012 ilikuwa imeanza vibaya. Tulifungwa na Guinea-Bissau, tukatoka sare na Uganda nyumbani. Mulee akaondoka mwishoni mwa mwaka, na msaidizi akaachiwa nyumba iliyokuwa ikivuja. Mnajua maana ya kuachiwa timu katikati ya safari? Wachezaji si wewe uliyewachagua, ratiba si wewe uliyeipanga, na lawama zote zitakuja kwako. Zico akaingia kazini. Juni 2011 Kenya ikaifunga Angola 2-1 Nairobi. Septemba ikaifunga Guinea-Bissau 2-1. Polepole timu ikasimama.

Kisha ikaja tarehe 8 Oktoba 2011, uwanja wa Namboole, Kampala. Nataka tusimame hapa kidogo. Uganda ilikuwa haijacheza fainali za Kombe la Afrika tangu 1978. Ushindi siku ile ungewapeleka. Uwanja ulijaa, na mji mzima ulikuwa umevaa rangi za timu yao, Cranes. Matumaini ya Kenya yenyewe yalikuwa finyu sana. Timu nyingi katika hali ile hulegea, zikafungwa mabao matatu, zikarudi nyumbani. Kenya haikulegea. Dakika tisini zilikwisha 0-0, Angola ikashinda ugenini Guinea-Bissau, na Waganda wakalia. Siwacheki majirani zetu, nawahurumia mpaka leo. Ninachokisema ni kwamba sare kama ile hutengenezwa. Ni kazi ya kupanga watu, ya kuziba katikati, ya kujua lini upunguze kasi na lini uutoe mpira nje. Ni kazi ya mtu aliyewahi kukaa katikati akajua nini kinamuumiza mpinzani anayehitaji bao moja tu. Na kule ng'ambo, kocha wa Uganda siku ile alikuwa Bobby Williamson, ambaye miaka michache baadaye alikuja kuinoa Gor Mahia, kisha Harambee Stars yetu wenyewe. Mpira una mizunguko yake.

Je, Zico alituzwa? Kabla mwaka huo haujaisha, timu ya taifa ilikabidhiwa kocha mwingine. Lakini 2011 hiyohiyo Gor Mahia ilinyanyua Kombe la FKF, shirikisho letu la soka, yeye akiwa kocha. Halafu akaendelea. Klabu hii, klabu ile, kazi ikipatikana, kazi ikiisha. Na msimu wa 2020/21, miaka kumi baada ya Namboole, timu yake ya KCB ikamaliza ya pili kwenye ligi nyuma ya Tusker. Miaka kumi, msikilizaji. Mtu aliyefukuzwa, akasahauliwa, akarudi. Nauliza tena: kiungo akitundika daluga, anakwenda wapi? Huyu alikwenda kwenye benchi la msaidizi, na benchi hilo likampeleka kwingine.

Nimemtaja kocha aliyempokea kijiti. Ni Francis Kimanzi, na hapa ndipo pana somo letu kubwa, kwa hiyo kama ulikuwa unataka kutoka nje kufunga ng'ombe, tafadhali subiri kidogo.

Kimanzi ni tunda la Mathare. Mwaka 1987 lilianzishwa pale Nairobi shirika la vijana la michezo la Mathare, MYSA, mwanzilishi wake akiwa Bob Munro, raia wa Kanada. Watoto wa mtaa wa mabanda walipangiwa ligi. Lakini ligi ile ilikuwa na sheria ambayo hujaisikia kwingine: timu ilipata pointi kwa kushinda mechi, na ikapata pointi pia kwa kutoka na majembe na matoroli kusafisha mtaa. Mitaro iliyoziba, takataka zilizorundikana, wale watoto ndio waliozizoa. Baadaye, 1994, ikaundwa Mathare United, timu ya wakubwa. Mwaka 1998 ikanyakua Kombe la Moi Golden, ikashangaza vigogo wote wa nchi. Na wachezaji wa Mathare United walikuwa na wajibu mmoja zaidi ya kucheza. Walitakiwa kurudi mtaani kufundisha wadogo zao.

Hebu litafakari hilo. Mchezaji wa miaka 20, asubuhi yuko mazoezini na timu kubwa, mchana amesimama mbele ya watoto arobaini wenye mpira mmoja. Anajaribu kuwaeleza kwa nini wasikimbilie wote mpira kwa pamoja. Anaeleza mara ya kwanza, hawamwelewi. Anaeleza mara ya pili, wanacheka. Mara ya tatu anachora mchangani kwa kijiti. Hapo mchezaji anaanza kuwa mwalimu, na bado hajaacha kucheza. Siku atakapotundika daluga haanzi upya, maana ameshaanza zamani.

Kimanzi alitoka kwenye mazingira hayo. Aliichezea Mathare United, akaacha kucheza mapema, akaifundisha, na 2008 akiwa bado kijana akaipa ubingwa wa ligi kuu. Mwaka huohuo aliishika Harambee Stars, na Desemba 2008 Kenya ikafika nafasi ya 68 katika orodha ya FIFA, nafasi ambayo hatujawahi kuipita. Aliondolewa, akarudishwa 2011, akaondolewa tena. Akarudi kwa mara ya tatu Agosti 2019. Novemba ile tukaenda Alexandria kucheza na Misri. Wamisri wakatangulia kufunga, Michael Olunga akasawazisha kipindi cha pili, 1-1, na tukarudi nyumbani vichwa vikiwa juu. Oktoba 2020 Kenya ikaifunga Zambia 2-1 katika mechi ya kirafiki jijini Nairobi. Siku chache tu baadaye Kimanzi hakuwa tena kocha wa taifa.

Mtaniuliza, sasa kazi gani hii ya kufukuzwa kila mara unayotaka kuwaitia watoto wetu? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba kufukuzwa kuko ndani ya kazi yenyewe, na mwenye kuingia aingie akijua. Jirani zetu wa Tanzania wana mfano mkali. Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa zamani wa Yanga, alikabidhiwa timu yao ya taifa, Taifa Stars, mwaka 2015. Septemba wakawabana Nigeria 0-0 Dar es Salaam. Novemba tarehe 14 wakatoka sare ya 2-2 na Algeria, Algeria ile iliyokuwa na Mahrez, na nchi nzima ikaimba. Siku tatu baadaye, marudiano kule Blida, wakafungwa 7-0. Siku tatu! Fikiria usingizi wa mtu huyo kwenye ndege ya kurudi. Lakini aliendelea na timu, na baadaye akarudi pia kufundisha Yanga.

Na Simba nao wana Selemani Matola, kiungo na nahodha wao wa zamani. Mwaka 2003 Simba iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa mikwaju ya penalti kulekule Cairo. Kocha wa Simba siku ile alikuwa Mkenya, marehemu James Siang'a, kipa wetu wa zamani wa Gor Mahia na timu ya taifa. Watu wa kizazi kile cha Simba walimsikiliza mwalimu kutoka hapa kwetu. Matola alipoacha kucheza, akafundisha vijana wa Simba, akaenda Lipuli ya Iringa na kuifikisha fainali ya kombe la shirikisho la nchini mwao 2019, akapita Polisi Tanzania, kisha mwishoni mwa mwaka huo akarudi Simba kuwa msaidizi. Makocha wa kigeni wamekuja mmoja baada ya mwingine na kuondoka, yeye ameendelea kuonekana kwenye benchi lile, akiwaeleza wageni nani ni nani. Kiti kidogo, narudia. Wengine hukikalia miaka mingi na bado timu nzima huwategemea.

Basi sasa tugeuze macho yetu nyumbani, Meru na Embu.

Viwanja tunavyo. Kinoru ilikarabatiwa kwa ajili ya mashindano ya CHAN ya 2018, ikawa mmoja wa viwanja vinne ambavyo Kenya iliviahidi. Septemba 2017 mashindano yakachukuliwa kutoka mikononi mwetu, yakapelekwa Morocco, kwa sababu nchi ilichelewa kujiandaa. Kinoru ikapata shughuli tarehe 1 Juni 2018, sherehe za Madaraka zilipokuja Meru. Miaka mitano baadaye, 1 Juni 2023, Madaraka ikaja Embu, na Moi Stadium nao ukatengenezwa ukapendeza. Nafurahi kuhusu viwanja hivyo, nafurahi kwa dhati. Watu walipata kazi, mji ukang'aa, na nyasi ziko pale. Lakini gwaride hupita asubuhi moja. Nyasi zinahitaji watu wa kuzichezea, na wachezaji wanahitaji mtu wa kuwafundisha, na mwalimu huyo lazima atoke mahali.

Atoke wapi? Hapa ndipo roho yangu inaponiuma. Kila mtaa una kiungo wake wa zamani. Alichezea shule yake, labda Kangaru, labda Meru School, labda shule ya kutwa ambayo haikuwahi kufika mashindano ya kanda. Katika mashindano ya shule ya ile tuliyokuwa tukiita Mkoa wa Mashariki alikuwa hatari. Walimu wanamkumbuka. Baada ya kidato cha nne akacheza ligi ya kaunti miaka miwili mitatu, nauli ikitoka mfukoni mwake. Akaoa, akapata bodaboda, au akaingia kwenye biashara ya muguka, na mpira ukaishia hapo. Ujuzi wake wote, ile picha ya uwanja mzima kichwani, umekaa kwenye kijiwe cha bodaboda ukingoja abiria. Hajafanya kosa lolote. Hakuna aliyemwambia kwamba kuna kiti kidogo.

Tunapenda kusema kwamba mpira ni wa Nyanza na Magharibi, na riadha ni ya Bonde la Ufa, na sisi tuna kahawa yetu, chai yetu na miraa yetu. Sikubaliani na maneno hayo, na nawaomba msikubaliane nayo. Kenneth Muguna, jina ambalo likitajwa tu mtu wa Meru husogeza redio karibu, alikuwa mchezaji bora wa ligi kuu mwaka 2016 akiwa kiungo wa Western Stima. Akaonja mpira wa Albania, akaja kucheza Gor Mahia na kuwa nahodha, akaenda Azam ya Tanzania, akarudi kuichezea Kenya Police. Kiungo huyo. Na siku atakapoamua kufundisha, natamani awe na mahali pa kuanzia ambapo si Nairobi peke yake.

Pengine unauliza, huo ukocha unasomewa wapi? Shirikisho la soka Afrika, CAF, lina leseni za makocha. Zinaanzia daraja D, halafu C, B, A, hadi Pro ya juu kabisa. Daraja D ndilo mlango. Mtu hujifunza namna ya kupanga zoezi la saa moja, namna ya kuzungumza na mtoto bila kumvunja moyo, huduma ya kwanza mchezaji akianguka, na sheria za mchezo. Mafunzo huendeshwa kupitia FKF. Lakini mtu wa Laare au wa Ishiara akiambiwa afunge safari mpaka Nairobi, alipe ada, alipe malazi, na huku nyumbani pikipiki haiingizi kitu, unadhani atakwenda? Hatakwenda. Mimi nisingemlaumu.

Kwa hiyo hoja yangu kwa serikali zetu za kaunti ni hii. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya michezo na vifaa vya michezo. Vifaa tumeviona. Sasa leteni mafunzo Kinoru. Leteni mafunzo Moi Stadium, Embu. Darasa la daraja D, hapahapa, ada ikilipwa nusu na kaunti, na nafasi za kwanza wapewe wale waliocheza hapa. Gharama yake haifiki gharama ya hema na viti vya wageni wa heshima siku ya gwaride, na hilo nalisema kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuona hema hizo.

Na kwenu walimu wakuu wa shule za upili. Mwalimu wa michezo mara nyingi ni mtu mmoja anayefundisha hisabati asubuhi, anasahihisha vitabu usiku, na katikati anatakiwa awe kocha wa soka, voliboli na netiboli. Anajitahidi, Mungu ambariki. Lakini mkaribishe yule kiungo wa zamani wa mtaani asimame kando yake siku mbili kwa wiki. Amsaidie. Mwalimu ana nidhamu ya darasa, mwenzake ana macho ya uwanja. Baada ya mihula mitatu huyo wa mtaani atakuwa ameshajua kama kazi hii anaiweza au haiwezi, na huo ndio wakati wa kumpeleka kwenye leseni.

Nimesema kama anaiweza, na nataka nilifafanue. Si kila kiungo mzuri atakuwa kocha mzuri. Wapo waliocheza kwa kipaji kilichotoka damuni, ukimwuliza mmoja wao alifanyaje anakujibu, nilifanya tu. Kwa huyo, mtoto hatajifunza kitu. Wapo wengine waliocheza wastani, miguu mizito, lakini walikuwa wakizungumza dakika tisini nzima. Rudi nyuma, mtu nyuma yako, geuka, una muda. Huyo wa kuzungumza ndiye ninayekuomba umtafute.

Na akina dada msinielewe vibaya, sijawaacha. Timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA la aina yoyote ni ya wasichana. Ni Junior Starlets, wasichana wa chini ya miaka 17, waliokwenda Jamhuri ya Dominika Oktoba 2024 wakiwa na kocha Mildred Cheche, wakaifunga Mexico 2-1. Mwanamke wa Kikenya kwenye benchi la Kombe la Dunia! Basi yule dada aliyekuwa akicheza katikati kwenye timu ya shule yenu, ambaye sasa ana duka la nguo Chuka au anashona nguo pale sokoni Embu, naye ana picha ya uwanja kichwani. Mwulizeni naye.

Wakati wenyewe unatusukuma. Agosti 2025 CHAN ilikuja Afrika Mashariki, na Harambee Stars wakaongoza kundi lao, wakiwafunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Morocco na Zambia, kabla ya Madagascar kututoa kwa penalti katika robo fainali. Mechi zetu zilichezwa Kasarani. Kinoru haikuwa na mechi. Na 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zinaandaa Kombe la Afrika pamoja. Watoto wa miaka kumi wanaotazama sasa watataka kucheza kesho yake asubuhi. Watafika uwanjani na mpira wa makaratasi au mpira wa kweli, na watahitaji mtu mzima mwenye filimbi anayejua anachokifanya. Mtu huyo hawezi kuandaliwa kwa wiki moja. Akianza daraja D mwaka huu, akiwa msaidizi shuleni mwaka huu, ndipo atakuwa tayari.

Muda wangu unakwisha, fundi wa mitambo ananionyesha vidole viwili. Kabla sijaondoka nina ombi kwenu, na wiki ijayo tutalianzia hapo. Chukua simu yako. Tuandikie ujumbe kwenye nambari yetu ya kawaida, uandike mambo matatu tu: mtaa wako, uwanja wa karibu na nyumbani kwako, na nafasi aliyokuwa akicheza yule mtu wa mtaani kwako ambaye akisimama pembeni ya uwanja watoto humsikiliza. Jina lake usiliandike mpaka umwombe ruhusa. Mwulize kwanza kama yuko tayari kufundisha, na saa ngapi yuko huru. Walio Meru tutawasoma Jumanne, walio Embu na Mbeere Alhamisi, na maofisa wa michezo wa kaunti zote mbili nawakaribisha studioni wasikilize majibu hayo pamoja nasi.